Msusi, pipi kifua na miaka sita ya kutibu tumbo: uchambuzi wa kisa cha harufu ya kinywa

Umri kamili wa mgonjwa, mtaa anaoishi na baadhi ya mambo ya familia yake vimeondolewa au kubadilishwa. Mwenendo wa ugonjwa na makosa ya tiba, yakiwemo yangu, nimeyaacha yalivyo.

Usuli

Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, msusi, upande wa Temeke. Kazi ya ususi haina pa kuficha kinywa. Mteja amekaa kwenye stuli, kichwa chake kiko chini ya kidevu cha msusi, na kama ni rasta ndogondogo watakaa hivyo saa 5 au 6 huku soga zikiendelea.

Alianza kuhisi kuna jambo miaka 6 nyuma, baada ya kujifungua mtoto wa pili. Hakuna aliyemwambia. Kwa watu wetu neno hilo halisemwi. Atakayekwambia wazi kwamba unanuka mdomo ni mtoto mdogo, au mtu mnayegombana naye. Wengine hukusitiri kwa vitendo: anageuza kichwa kidogo, anasogeza feni, anajifanya anaangalia simu. Siku moja mteja alifungua pochi akampa pipi kifua 2, akasema, "Anti, chukua na hizi." Hakuwa ameomba pipi, wala hakuwa na kikohozi. "Nilimshukuru, Dokta," aliniambia. "Halafu nikaenda chooni nikalia."

Tangu hapo alipiga mswaki mara 4 au 5 kwa siku. Alitafuna karafuu na tangawizi mbichi. Alisugua meno kwa mkaa uliosagwa, akasugua kwa ndimu na magadi mpaka meno yakawa yanamwuma akinywa maji baridi (ndimu inakula gamba la jino, harufu haiigusi). Alinunua dawa za kusukutua za kila rangi. Biashara ya aibu hii ni ya zamani: Listerine ilitengenezwa mwaka 1879 kama dawa ya kuua vijidudu kwenye upasuaji, na matangazo ya Marekani ya miaka ya 1920 ndiyo yaliyoifanya kuwa dawa ya watu wanaoogopa kukosa mchumba.

Mwaka 2020, corona ilipoleta barakoa, alipata kimbilio. Wenzake walipozivua, yeye alibaki nayo. Wateja walidhani anakwepa vumbi la nywele bandia.

Njia aliyopita kabla ya kufika kwenye kiti cha meno

Alianzia duka la dawa, na huko akaambiwa kile ambacho karibu kila mtu Dar es Salaam angemwambia: mdomo ukinuka, tatizo ni tumbo. Akaenda kupima damu, kipimo kikaonyesha ana kinga dhidi ya bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori. Akapewa dozi ya siku 14 yenye viuavijasumu viwili na omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo.

Harufu ikapungua. Alikuwa na uhakika na hilo, na hata mdogo wake aliyekuwa akiishi naye alikubali. Baada ya wiki 3 ikarudi.

Akaambiwa vidonda vyake ni sugu. Akapewa dozi nyingine, yenye metronidazole ndani yake. Ikapungua tena, ikarudi tena. Katika miaka 6 alimeza dozi 3 kamili. Akaacha pilipili, maharage, maembe machanga na kahawa. Jambo moja halikumsumbua yeyote kati ya waliomtibu: tumbo lenyewe halijawahi kumwuma. Hana kiungulia, hacheui, hajawahi kutapika. Na miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia afungue mdomo. Hakuna aliyemnusa.

Siku ya kwanza: nilivyokaribia kumpoteza

Alifika kwangu saa 9 alasiri. Alivua barakoa akiwa ameangalia ukuta. Niliongea naye, nikamsogelea, nikanusa. Harufu niliyoipata ilikuwa ya karafuu.

Sentensi ilikuwa tayari kwenye ulimi wangu: "Dada, mbona mimi sisikii kitu?" Ni sentensi tunayoipenda kwa sababu inasikika kama habari njema. Na wapo kweli watu wanaoamini wananuka ilhali hawanuki. Hao wanahitaji msaada wa namna nyingine. Lakini huyu alikuwa ametafuna karafuu kwenye daladala, akasukutua kwenye choo cha kliniki, na saa 9 alasiri amekwisha kula, kunywa na kuongea kutwa, mate yanatiririka. Ningekuwa nimepima karafuu, halafu nimwandikie kwamba tatizo liko kichwani mwake.

Sikusema. Nilimpa miadi mpya ya saa 2 asubuhi na masharti: kwa siku 2 asile kitunguu saumu; asubuhi hiyo asipige mswaki, asisukutue, asitafune chochote, asijipulizie manukato. Aje kama alivyoamka. Na aje na mtu anayemwamini. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Siku ya pili: kunusa

Alikuja na mdogo wake, amejifunika barakoa mbili.

Kuna mashine za kupima gesi za salfa mdomoni, lakini pua ya mtaalamu bado ndiyo kipimo kinachotegemewa zaidi, na haina gharama. Mgonjwa hufumba mdomo dakika 1, kisha hupumua taratibu huku mpimaji akinusa kwa umbali wa sentimita chache na kutoa alama kati ya 0, yaani hakuna harufu, na 5, harufu isiyovumilika. Pumzi ya mdomoni nilimpa 4. Kisha akafumba mdomo akapumua kwa pua: karibu na 0. Kitendo hicho kidogo kinaeleza mengi. Harufu ingekuwa inatoka mapafuni au kwenye damu, kama inavyotokea figo zinaposhindwa kazi au kisukari kinapopanda sana, ingetokea njia zote mbili. Ingekuwa ya puani, pua ingenuka kuliko mdomo. Ikitoka mdomoni peke yake, chanzo kitafutwe mdomoni au kooni.

Nikakwangua sehemu ya nyuma ya ulimi kwa kijiko cha plastiki, nikakiacha sekunde chache, nikanusa, kisha nikampa mdogo wake. Alikunja uso. "Ndiyo yenyewe, dada," akasema kwa sauti ya chini. Mgonjwa alianza kulia, ila baadaye aliniambia kilio kile kilikuwa cha nafuu. Kwa mara ya kwanza kitu hicho kilikuwa na mahali.

Ndani ya kinywa, meno ya mbele yalikuwa meupe ajabu. Mswaki wa mara 5 kwa siku ulikuwa umeishia hapo. Nyuma ya meno ya chini ya mbele ugaga ulikuwa umejenga ukuta. Fizi za magego zilitoka damu nilipozigusa tu, na kijiti cha kupimia, ambacho kwenye fizi nzima huzama milimita 1 hadi 3, kilizama 5 na 6 sehemu nyingi, yaani fizi zilikuwa zimeachana na meno na kuacha mifuko. Gego la mwisho la chini kulia lilikuwa limechomoza nusu, nusu nyingine imefunikwa na nyama, na chini ya nyama hiyo mlikuwa na mabaki ya chakula. Ulimi ulikuwa na utando mzito wa njano huko nyuma. Hakuwahi kuusafisha kwa sababu ulimtia kichefuchefu. Ndani ya shavu la kushoto mlikuwa na alama nyeupe yenye mchubuko: alikuwa analala na karafuu hapo kila usiku, na mafuta ya karafuu huunguza.

Mdomo wenyewe ulikuwa mkavu. Nikauliza kuhusu maji. Choo cha saluni kiko mbali na ni cha kulipia, kwa hiyo tangu asubuhi hadi jioni hunywa kikombe kimoja. Nikauliza kuhusu dawa, akasema hatumii dawa yoyote. Nikauliza analalaje. "Nikimeza piriton nalala vizuri." Kumbe alikuwa anameza piriton kila usiku kwa miaka mingi kwa ajili ya chafya na pua kuziba, mzio wa vumbi na kemikali za saluni. Kwake hiyo si dawa, ni kitu cha kulalia. Lakini dawa hiyo hukausha mate, na pua iliyoziba humfanya mtu apumulie mdomo usiku kucha.

Sukari ya damu ilikuwa ya kawaida. Tonsesi zilikuwa safi, bila vijiwe.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza lilikuwa kutompa kiuavijasumu. Hili lilimshangaza, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichowahi kumsaidia. Ilibidi nimweleze palepale, na naeleza hapa kwa sababu ndiyo kiini cha kisa.

Harufu ya kinywa hutengenezwa na bakteria wanaoishi pasipo hewa: chini ya fizi, kwenye mikunjo ya nyuma ya ulimi, chini ya ile nyama ya gego. Wanavunja protini za mabaki ya chakula, za damu ya fizi na za ngozi laini inayopukutika, na katika kuvunja wanatoa gesi za salfa. Moja ni haidrojeni salfaidi, ambayo ni harufu ya yai viza. Nyingine ni methili merkaptani, inayokaribia harufu ya kabichi zilizooza nyuma ya soko, na ndiyo inayotawala fizi zikiwa na ugonjwa. Viuavijasumu vya vidonda vya tumbo husafiri kwenye damu mwili mzima, na bakteria wa fizi na ulimi hufa pia. Metronidazole hasa ni adui mkubwa wa bakteria wasiopenda hewa. Dozi ikiisha, ugaga upo palepale, mifuko ya fizi ipo palepale, wapangaji wapya wanahamia. Kila mara dozi ilipomsaidia, yeye na waliomtibu walihesabu kwamba tumbo limethibitika. Kilichokuwa kinathibitika ni kinywa.

Kipimo cha damu nacho kilichangia. Kinga dhidi ya bakteria hao hubaki kwenye damu muda mrefu hata baada ya kupona, kwa hiyo kurudia kipimo kilekile na kupata jibu lilelile hakumaanishi ugonjwa ungalipo. Kipimo cha choo au cha pumzi ndicho kingejibu swali hilo. Tena umio hufungwa muda wote isipokuwa mtu anapomeza au kucheua; tumbo si bomba lililo wazi hadi mdomoni. Katika kila watu 10 wenye harufu sugu, 8 au 9 chanzo chao kiko kinywani. Ndiyo sababu sikumpeleka kwenye kamera ya tumbo. Angetumia fedha ambazo zingetosha kusafisha meno yote, na kama wangeona mchubuko mdogo huko tumboni tungerudi tulipoanzia.

La pili lilikuwa kusafisha meno na mizizi chini ya fizi, kwa ganzi, kwa awamu 4, robo ya kinywa kila wiki. Ingewezekana kwa awamu 2. Nilichagua 4 kwa sababu ya mfuko wake, na kwa sababu msusi asiyefanya kazi siku nzima hana kipato cha siku hiyo.

La tatu lilikuwa ulimi. Vifaa vya kukwangulia vinauzwa, lakini ukingo wa kijiko cha chuma unatosha. Anatoa pumzi nje, anashikilia, anakwangua kutoka nyuma kuja mbele mara 4 au 5, bila kutoa damu. Pumzi ikiwa nje kichefuchefu hupungua. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini ya 0.2% nilimpa kwa wiki 2 tu, mililita 10 kwa dakika 1, asubuhi na usiku, ikae nusu saa mbali na dawa ya meno. Ikizidi muda hupaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha, na anayependa chai ya rangi huona madoa hayo mapema zaidi.

Kwa pua iliyoziba nilimwandikia barua kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, ambaye alimtoa kwenye piriton akampa dawa ya kupuliza puani. Karafuu niliipiga marufuku. Gego la mwisho niliamua kulisubiri, nione kama usafi peke yake utatosha.

Na mdogo wake nikampa kazi: kila Jumapili asubuhi, kabla ya mswaki, amnuse na kuandika alama kati ya 0 na 5 kwenye daftari. Mtu hawezi kujinusa. Pua huzoea harufu yake yenyewe, na kupumulia kiganja hakumwambii mtu mengi.

Yaliyofuata

Wiki ya 4 daftari lilisoma 2. Wiki ya 6 lilikuwa bado 2, na ile nyama ya gego ilikuwa inaendelea kushika mishikaki. Tukaling'oa. Ningelifanya mapema kama si kutaka kumpunguzia gharama. Kwa kweli nilimwongezea wiki kadhaa za harufu. Wiki ya 8 daftari lilisoma 1, na mimi nikapata 1.

Kisha ukaja mwezi wa Ramadhani. Anayefunga mate hupungua kwa sababu hatafuni, na ulimi hujenga utando haraka. Alikuwa bado na miadi 1 ya kupima fizi na kusafisha sehemu zilizobaki. Akaogopa kumeza maji na damu akiwa kwenye kiti, akaahirisha. Kufika wiki ya mwisho kabla ya Idi wasusi hawapumui. Alikuwa anafunga saluni saa 7 usiku, anafika nyumbani analala bila kupiga mswaki. Daftari likapanda hadi 3. Hili ni kosa langu zaidi kuliko lake. Tarehe za mwezi mtukufu nilizijua wakati napanga awamu, na sikuuliza.

Mwezi wa 5 wa tiba tulipima upya. Mifuko mingi ya fizi ilikuwa imerudi milimita 3, mingine 4. Miwili ilibaki 5, nyuma ya magego ya juu. Damu ilikuwa kidogo. Alama ya pumzi: 1 kwangu, 0 kwenye daftari. Ile alama nyeupe shavuni ilikuwa imeondoka wiki 2 tu baada ya kuacha karafuu. Nilikuwa nimepanga kuipeleka maabara kama ingebaki.

Barakoa ilikuwa bado usoni.

Kilichofanya kazi, na kilichoshindikana

Kunusa kwa masharti ndiko kulikobadilisha kila kitu. Kulihitaji asubuhi, kijiko cha plastiki na ujasiri kidogo wa mpimaji, maana na sisi tunaona aibu. Tumefundishwa kugusa vidonda, ila kuweka pua mbele ya mdomo wa mtu mzima kunatushinda. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa iliyofanya apewe dozi 3 bila kunuswa: kuandika dawa ya tumbo kunamsitiri mgonjwa na kumsitiri daktari pia.

Daftari la mdogo mtu lilifanya kazi kuliko nilivyotegemea, na halikufanya kazi pale nilipolitegemea zaidi. Lilipima vizuri. Lilishindwa kumshawishi. Wiki ya 8 nilimwambia kwa furaha kwamba harufu imekwisha, nikadhani tumemaliza. Alinijibu, "Asante, Dokta, ila wewe na mdogo wangu mnanipenda." Kwa miaka 6 alikuwa amejifunza kusoma migongo ya watu. Mteja akikuna pua, ni yeye. Abiria wa jirani kwenye mwendokasi akifungua dirisha, ni yeye. Ubongo uliojifunza hivyo hausahau kwa kusafishwa meno.

Hapa nilichelewa. Ningeanza kulishughulikia tangu awamu ya kwanza ya kusafisha, siyo baada ya kila kitu. Tulichofanya mwishoni ni kuongeza safu kwenye lile daftari: siku, tendo la mteja lililomtia hofu, na sababu nyingine inayoweza kulieleza. Baada ya wiki 3 safu ya mwisho ilijaa mambo kama "moto wa kuchomea rasta ulikuwa karibu", "ana mafua", "AC ya duka la jirani imekufa, joto". Alicheka mwenyewe alipolisoma. Nikampendekezea mshauri wa saikolojia. Alisema atafikiri, na mpaka leo anafikiri.

Uamuzi wa kutotoa kiuavijasumu nausimamia. Wa kusubiri gego, hapana. Kuhusu klorheksidini nina shaka kidogo: ilimsaidia wiki 2 za mwanzo, lakini ilimpa pia imani kwamba dawa ya chupa ndiyo inayoponya, na ilipoisha alinunua nyingine kwa siri. Niliitambua kwa madoa.

Kuna wasomaji watakaouliza habari za mswaki wa mti. Sina ugomvi nao. Ukichongwa vizuri husafisha uso wa jino sawasawa, ila haufiki katikati ya meno, na huyu mgonjwa alikuwa na shida huko huko. Kwake tulitumia brashi ndogo za kupitisha kati ya magego. Zile za kwanza nilimchagulia nene mno, zikamwumiza, akaziacha mwezi mzima bila kuniambia.

Hali ya sasa

Nyumbani amevua barakoa. Saluni huivua kwa wateja wa zamani, akiwa na wapya anaivaa. Anakuja kila baada ya miezi 3 kwa ajili ya ile mifuko 2 ya fizi ambayo bado ina milimita 5, na piriton hajairudia. Maji anakunywa zaidi kidogo. Choo bado ni cha kulipia.

Mara ya mwisho alipofungua pochi kutafuta kadi ya kliniki niliona karafuu 3 zimefungwa kwenye kikaratasi. Aliona nimeziona. "Sitafuni, Dokta," akasema. "Zinakaa tu." Tukapanga miadi inayofuata, saa 2 asubuhi.